Mama Aliyeuliza "Kipi Hukiachi?": Emerensiana Kajetani Luambano, 1957–2025

Tarehe 9 Juni 2014, siku ya Jumatatu, Emerensiana Kajetani Luambano alipewa leseni ya biashara mjini Songea kwa kazi ambayo afisa aliyemhudumia hakuwa amewahi kumwandikia mtu. Afisa alimwuliza aandike nini. "Andika nasaidia watu wajue wanachokithamini, halafu waishi hivyo hivyo," alisema. Kijana yule alitazama nafasi iliyokuwapo kwenye fomu, akapima urefu wa maneno, akasema kwa adabu, "Mama, mimi naandika ushauri." Leseni hiyo ipo, na neno hilo lipo. Marehemu alilishikia kinyongo kwa miaka kumi na moja. Alisema kazi yake haikuwa kushauri, na kwamba mara moja aliposhauri, alimwondoa mtu kwenye njia yake.

Wiki tatu kabla ya kufariki aliiagiza familia mambo mawili kuhusu wasifu huu. La kwanza, usomaji wake usizidi dakika ishirini. La pili, kosa lake la mwaka 2016 lisimuliwe kwa majina, wenyewe wakiridhia. Wenyewe wameridhia, na wengine wao wako nasi leo. Kosa lilikuwa hili: mtu alikuja kwake ili ajue maisha yake mwenyewe yanataka nini, akaondoka na maisha aliyochaguliwa na watu wengine. Marehemu aliona kwamba kama hilo halikurekebishwa, basi kazi yake yote haikuwa na maana. Tunaomba msikilize wasifu huu mkilijua hilo.

Emerensiana alizaliwa Peramiho. Cheti cha ubatizo kinasema tarehe 21 Februari 1957. Mama yake, marehemu Oliva Tawete, alishikilia hadi mwisho kwamba ilikuwa tarehe 12. Familia haikuweza kuthibitisha, na Emerensiana hakuona haja. Alipokea salamu za siku ya kuzaliwa mara mbili kila mwaka na hakumrudishia mtu salamu yake. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita. Baba yake, marehemu Kajetani Luambano, alikuwa seremala. Mtoto huyu ndiye aliyempelekea baba chakula cha mchana karakana, na ndiye aliyewauliza wateja maswali. Aliwahi kumwuliza mwalimu mmoja aliyekuja kuagiza kiti chenye mikono kwa nini anataka mikono ilhali kila akija anaegemea ukuta. Mwalimu alicheka, akaagiza kiti kisicho na mikono lakini chenye mgongo mrefu. Baba yake aliisimulia habari hiyo kwa miaka mingi, akiongeza kwamba mbao zilizobaki zilitosha kutengeneza kigoda.

Alisoma shule ya msingi Peramiho kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, kisha sekondari ya wasichana Songea hadi mwaka 1975. Alipata mafunzo ya ualimu Mtwara na kuhitimu mwaka 1977. Kwa miaka kumi na miwili alifundisha Kiswahili na hesabu katika shule za msingi za Songea na Mbinga. Mwaka 1989 alikwenda Mzumbe kusomea utumishi, akarudi mwaka 1991 na stashahada. Tangu hapo hadi alipostaafu kwa hiari mwaka 2012, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano, alikuwa afisa utumishi, kwanza Tunduru na baadaye Songea.

Katika utumishi ndiko alikoanza kushughulishwa na jambo ambalo baadaye lilikuwa kazi yake. Taasisi moja aliyofanyia kazi ilikuwa na maneno yake makuu, ambayo siku hizi watu huyaita tunu, yaliyopigwa chapa na kutiwa kwenye fremu ukutani mwa ukumbi wa mikutano. Mwaka 2006, katika semina, aliwaomba watumishi thelathini na wawili wakae wakiipa fremu mgongo. Akauliza, "Nani ananitajia ya tatu bila kugeuka?"

Mmoja alianza kugeuka, mwenzake akamzuia.

"Mama," alisema dereva mmoja kutoka nyuma, "hata tukigeuka haitasaidia. Ya tatu imefunikwa na kalenda."

Ukumbi ulicheka, naye akacheka. Lakini alisema baadaye kwamba alirudi nyumbani na swali ambalo halikumwacha: kama maneno ya ukutani hayaamui chochote, ni kitu gani basi kinachoamua mtu afanye hili aache lile?

Aliolewa na Bwana Thadei Mbawala, fundi wa mabomba, tarehe 28 Julai 1984, katika Kanisa Katoliki, Mjimwema. Walikutana mwaka mmoja kabla ya hapo, tangi la shule lilipovuja na Thadei akatumwa kulitengeneza. Mwalimu Emerensiana alimtazama akifanya kazi, kisha akamwuliza kwa nini anaimba nyimbo za kanisa pale tu panapovuja sana. Bwana Thadei aliendelea kuziba tangi. Wiki hii, akiwapokea waliokuja kuhani, alisema, "Aliniuliza napenda nini tangu mwaka 1983. Nilikuwa bado najibu." Mungu aliwajalia watoto wawili, George na Dorine.

Baada ya kustaafu, Emerensiana hakulima bustani wala hakufungua duka, ingawa yote mawili alishauriwa. Alijiandikisha katika mafunzo ya ukocha wa maisha na kazi, sehemu yake kwa mtandao na sehemu yake Dar es Salaam, akapata cheti Novemba 2013. Mwaka uliofuata alipanga chumba kimoja Lizaboni, jirani na fundi cherehani, akaweka viti viwili na meza. Majirani hawakuchelewa kumpa jina. Kwa kuwa alikuwa akizungumzia tunu kila siku, aliitwa Mama Tunu, na kwa miaka miwili Dorine aliitikia salamu za watu waliodhani jina lake ni Tunu.

Chombo chake cha kazi kilikuwa kadi sitini na nne. Kila kadi ilikuwa na neno moja: uhuru, haki, utulivu, ubunifu, heshima, familia, na mengineyo. Mteja alitakiwa kubakiza kadi kumi, kisha tano, kisha tatu. Zile tatu ndizo zilizohesabiwa kuwa tunu zake, na mazungumzo yote yaliyofuata yalihusu namna ya kuishi nazo: kazi gani aikubale, ndoa aitunze vipi, apumzike lini. Mbinu hiyo inatumika sehemu nyingi na ina wanaoisifu. Hapa Songea mbinu hiyo ilikuwa na dosari moja, na ilimchukua karibu miaka minne kuiona.

Kati ya wateja wake arobaini na mmoja wa kwanza, thelathini na wanane walibakiza kadi zile zile tatu: Mungu, familia, heshima. Aliandika jambo hilo kwenye daftari lake kwa furaha. Aliona amegundua jinsi watu wa mkoa huu walivyo. Hakujiuliza ni nani aliyekuwa amekaa upande wa pili wa meza. Alikuwa mama wa miaka karibu sitini, mwalimu, afisa mstaafu, mwenye rozari kwenye mkoba. Kila mteja aliyeingia alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba. Kisha mteja huyo aliombwa, mbele ya macho yake, achukue kadi iliyoandikwa familia na kuitupa kwenye rundo la zisizotakiwa. Hakuna mtu aliyelelewa vizuri katika mji huu ambaye angeweza kufanya hivyo.

Februari 2016 alikuja Twaha Abuu, mwenye umri wa miaka ishirini na tisa. Alikuwa mwalimu wa lugha ya alama katika darasa la watoto viziwi mjini hapa. Kwao ni Namasakata, wilaya ya Tunduru. Baba yake, Mzee Abuu, alikuwa ameanza kupoteza nguvu ya macho na alimtaka mwanawe arudi kusimamia mikorosho. Twaha alitaka kujua afanye nini. Alikuja mara tatu. Mara ya tatu alibakiza kadi tatu, zile zile.

Marehemu aliyaandika mazungumzo yaliyofuata jioni ile ile, kama alivyokuwa na kawaida ya kufanya.

"Naona jibu umelishika mkononi," alimwambia.

"Ndiyo, mama."

"Familia ndiyo ya kwanza kwako."

"Ndiyo, mama."

"Una uhakika?"

"Ndiyo, mama. Nashukuru."

Juni mwaka huo Twaha aliandika barua ya kuacha kazi, akaenda Namasakata. Emerensiana aliweka alama ya vyema pembeni mwa jina lake. Alikuwa akiwasimulia wateja wengine habari ya kijana aliyeijua tunu yake na kuifuata.

Tarehe 16 Januari 2018 mama mmoja aliingia chumbani Lizaboni bila miadi, akakataa kukaa. Ni Mama Ashura, mkazi wa Lizaboni, mama wa Mwanne, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka tisa na aliwahi kuwa mwanafunzi wa Twaha. Mama Ashura amesema tuyaseme maneno yake kama alivyoyasema.

"Shikamoo. Wewe ndiye uliyemwambia mwalimu Twaha aondoke?"

"Marahaba. Sikumwambia. Alichagua mwenyewe."

"Alichagua mbele ya nani?"

"Mbele yangu."

"Haya. Mtu ameshakuamkia shikamoo, ameinamisha kichwa. Hapana yake ataipitishia wapi?"

Mama Ashura aliendelea, akamwambia kwamba Mwanne alikuwa ameanza kujua kusema kwa mikono njaa, baridi, nimechoka, sitaki. Tangu mwalimu aondoke darasa halikuwa na mtu, mtoto alikuwa nyumbani, na alikuwa amerudia kuvuta watu nguo. "Anavuta nguo," alisema, "mpaka tukisie. Tukikosea analia. Nenda ukamwandike na huyo kwenye daftari lako."

Chumba kilifungwa siku hiyo. Wateja waliambiwa kuna matengenezo, jambo ambalo Emerensiana alilisahihisha baadaye kwa kumpigia kila mmoja simu na kumwambia ukweli. Kadi sitini na nne alimkabidhi mumewe, ambaye alizitumia kuwashia jiko la mkaa kwa muda wa wiki moja. Bwana Thadei anashuhudia kwamba kadi ya uvumilivu ndiyo iliyogoma kabisa kushika moto.

Alimtumia Twaha ujumbe mara mbili, akimwuliza kama ameridhika. Mara zote mbili alijibiwa kwa heshima kwamba alhamdulillah, yote ni heri, amsalimie baba, yaani Bwana Thadei. Alilitambua jibu hilo. Lilikuwa lile lile alilopewa mezani miaka miwili nyuma. Ndipo alipoamua kwenda mwenyewe, peke yake, asubuhi ya Jumamosi tarehe 21 Julai 2018.

Namasakata ilikuwa katika mavuno. Mzee Abuu na mkewe, Bibi Sharifa, walimpokea barazani, wakamtandikia mkeka. Salamu zilipokwisha, Mzee Abuu aliuliza bila kuzunguka, "Mama, umekuja kumrudisha mwanangu mjini?"

"Sikuja kumrudisha mtu. Nimekuja kumwomba radhi mwanao, mbele yako. Alikuja kwangu na swali, mimi nikasikiliza nilichotaka kusikia."

"Mkubwa amwombe radhi mtoto?" Mzee Abuu alicheka. "Tena barazani kwangu? Mama, hayo mambo ya Songea?"

"Hata Songea hayapo, mzee. Naanza mimi."

"Na hasara iko wapi? Mikorosho imepaliliwa, kijana hanywi, anaswali. Mimi sioni vizuri, lakini hasara hata kipofu anaipapasa."

Twaha alikaa kando, akitazama chini. Alisema yote ni heri. Mazungumzo yangeishia hapo kama si Bibi Sharifa, ambaye hakuwa na desturi ya kumwacha mgeni akae mikono mitupu wakati wa mavuno. Alimimina mahindi mkekani, akampa Emerensiana sehemu yake, na wote wanne wakaanza kupukuchua mahindi. Mahindi ya kupukuchua kwa mkono humlazimisha mtu kutazama chini. Hakuna anayemwangalia mwenzake. Baada ya kama robo saa, Emerensiana, bila kuinua kichwa, aliuliza, "Twaha, kuna jambo gani linakukasirisha hata kama halikuhusu?"

Mahindi yaliendelea kudondoka.

"Kuna mtoto hapo njia panda," Twaha alisema. "Ana miaka kumi na moja, hasikii. Watu wanamwita bubu, wanamsema mbele yake kana kwamba ni ndoo. Kila nikipita pale naharibikiwa siku nzima. Na mwingine yuko kwa akina Mbwana, wa kike, hata nje hatolewi."

"Hujawahi kuniambia," alisema Mzee Abuu.

"Hujawahi kuniuliza, baba." Akachukua hindi jingine. "Hata mama huyu hakuniuliza. Kadi hazikuwa na mtoto huyo."

Emerensiana alishika hindi lake bila kulipukuchua. Akasema basi atakwenda mwenyewe kwa wenye darasa la Songea, atamwandikia barua, nafasi yake itarudi.

"Hapana, mama," alisema Twaha.

Bibi Sharifa aliacha kupukuchua. Emerensiana alimwomba alirudie.

"Hapana. Baba haoni, simwachi. Na hawa watoto siwaachi. Nitafundisha hapa hapa."

"Asante," alisema Emerensiana. Aliwaambia watoto wake baadaye kwamba alisafiri kilomita zote zile kwenda kutafuta neno hilo, na kwamba alipolipata alikuwa karibu kulipinga.

Januari 2019 Twaha alianza darasa la lugha ya alama Namasakata, katika chumba ambacho kijiji kilikubali kukitoa, akiwa na wanafunzi wawili: mvulana wa njia panda na msichana wa kwa akina Mbwana. Asubuhi anafundisha, alasiri yuko kwenye mikorosho. Kwa usahihi inafaa kusema kwamba Emerensiana hakulianzisha darasa hilo, hakulifadhili, na alikataa kuitwa mlezi wake. Inafaa pia kusema kwamba si kila kitu kilirekebishika. Darasa la Songea lilipata mwalimu mwingine Julai 2018, na Mwanne alirudi shuleni, lakini alikuwa amepoteza miaka miwili. Marehemu alikuwa akilitaja hilo kila mwaka kwa Mama Ashura, mpaka Mama Ashura akamwambia, "Sasa umezidi. Kaa ule." Alikaa, akala. Miaka miwili ile hakuacha kuihesabu kuwa yake.

Chumba cha Lizaboni kilifunguliwa tena tarehe 6 Agosti 2018. Meza ilikuwa imeondolewa. Palikuwa na mkeka, vigoda viwili na gunia la mahindi. Hakukuwa na kadi. Mteja alikaa pembeni yake, si mbele yake, wakapukuchua. Maswali yalikuwa matatu tu: jambo gani linakukasirisha hata kama halikuhusu, lini mara ya mwisho ulijionea aibu peke yako bila mtu kujua, na kipi hukiachi hata kikikutia hasara. Kisha mteja alitakiwa kurudi baada ya wiki mbili na ushahidi. Marehemu hakukubali mtu aseme ana tunu fulani bila kutaja siku, mahali na mtu aliyekuwapo. Watu waliokuja kutafuta maneno mazuri walikasirika. Wengi wao walirudi.

Mmoja wao ni Bwana Leo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mjimwema, ambaye alisema tunu yake ni haki. Aliulizwa alichofanya Alhamisi. Akakumbuka kwamba Alhamisi alimhudumia mjomba wake kwanza, watu sita wakiwa kwenye foleni.

"Basi Alhamisi haki ilikuwa safarini," alisema Emerensiana.

Bwana Leo alicheka, akaenda, na wiki iliyofuata alimwambia mjomba apange foleni kama wengine. Mjomba hakumsemesha kwa miezi minne. Bwana Leo alirudi Lizaboni kulalamika kwamba ameharibiwa ukoo.

"Sasa tunajua ni tunu," alimjibu. "Kabla ya hapo ilikuwa maoni."

Mjomba huyo alianza tena kumsemesha Krismasi ya mwaka 2021. Bado anapanga foleni, na bado analalamika.

Kwa hesabu za daftari lake, kuanzia Agosti 2018 hadi alipoacha kupokea wateja alikaa na watu mia mbili kumi na tisa: walimu, wauguzi, masista wawili, madereva, wafanyabiashara, bwana harusi mmoja aliyekuja siku tatu kabla ya ndoa. Bwana harusi alioa. Orodha za kadi tatu zinazofanana hazikuonekana tena. Familia ilitajwa mara nyingi, kama inavyotarajiwa, lakini ilitajwa na watu waliokuwa na Alhamisi za kuithibitisha.

Septemba 2024 alianza kusumbuliwa na tumbo, na Oktoba madaktari walibaini saratani. George, anayeishi Dar es Salaam, na Dorine, muuguzi Mbeya, walikuja Songea kwa kikao cha familia. George alianza.

"Mama, chumba kiko tayari Dar. Tunajua kwako familia ndiyo ya kwanza."

"Mmejuaje?"

"Si tumelelewa na wewe?"

"Dorine, nitajie nilichofanya wiki mbili zilizopita."

Dorine alihesabu: wateja siku nne, mazishi ya jirani, mazoezi ya kwaya, ugomvi na baba kuhusu bomba la jikoni.

"Sasa nionyesheni Dar iko wapi hapo."

"Mama," alisema George, na sauti ilikuwa imepanda, "mimi si mteja wako."

Emerensiana akasema, "Kweli, baba. Wewe ni mwanangu, kasirika. Mteja hana ruhusa hiyo." Akamwuliza George yeye mwenyewe hakiachi nini. George alisema hatapokea habari za mama yake kwa simu. Walikubaliana kwa muda usiozidi dakika kumi baada ya hapo. Marehemu alitibiwa Dar es Salaam kwa awamu tatu, Novemba hadi Februari, na kila baada ya awamu alirudishwa nyumbani. George alihamishia kazi yake Songea mwezi Agosti mwaka huu, na alikuwapo.

Aliendelea kupokea wateja hadi Julai, mwishoni akiwa amelala na mteja akipukuchua peke yake. Kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kupukuchua, alimwomba kila mteja asimtazame. Alifariki dunia nyumbani kwake Mjimwema, Jumanne tarehe 7 Oktoba 2025, saa nne na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na minane. Mumewe na watoto wake wote wawili walikuwa chumbani. Alikuwa amepokea sakramenti siku mbili kabla.

Marehemu ameacha mume, Bwana Thadei Mbawala, watoto wawili, George na Dorine, wajukuu watano, dada mmoja na kaka wawili, na watu waliokaa naye chumbani Lizaboni, ambao familia haitawataja kwa majina isipokuwa wale walioomba. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, jumuiya ndogondogo na kwaya, na majirani wa Mjimwema na Lizaboni. Tunamkabidhi kwa Mungu, tukiomba ampe pumziko tulivu baada ya kazi nyingi.

Mwalimu Twaha Abuu alifika msibani Jumatano jioni. Alhamisi familia ilimwomba apokee chumba cha Lizaboni na kuiendeleza kazi ya marehemu. Alisikiliza hadi mwisho, akashukuru, akakataa. Darasa la Namasakata sasa lina wanafunzi tisa, na wazazi wamekuwa wakilishika tangu aondoke. Chumba cha Lizaboni kitarudishwa kwa mwenye nyumba mwisho wa mwezi. Mwalimu Twaha anaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi, na Jumatatu saa mbili atakuwa darasani.